Namna ya Kuongoza Genge la Wezi Arobaini Mpaka Wasibaki

Kwanza, usihangaike kuwapa vijana wako majina. Antoine Galland, Mfaransa, alisimuliwa kisa cha Ali Baba mwaka 1709 na Hanna Diyab wa Aleppo, na mpaka leo wezi wale wanajulikana kwa idadi tu. Wewe kapteni utajipa jina la bandia mwishoni, likikufaa.

Hazina iweke pangoni, mlango ufunguke kwa kutamkiwa maneno. Yatamke kwa sauti. Usiache mlinzi, wala usiangalie juu ya miti. Huko wamezoea kupanda wakata kuni.

Siri ikivuja kwa mkata kuni Ali Baba, tuma mpelelezi mjini. Mzee Baba Mustafa, fundi viatu asiyeweza kufunga mdomo, atampeleka mpaka kwenye nyumba ya Ali Baba, na mpelelezi ataweka alama ya chaki mlangoni. Morgiana, kijakazi wa nyumba hiyo, ataichora alama hiyohiyo kwenye milango ya majirani. Mpelelezi akatwe kichwa. Tuma wa pili. Huyu ni mbunifu, atatumia chaki nyekundu. Naye akatwe kichwa. Kufikia hapo umepoteza watu wawili, na Ali Baba hajainua hata fimbo.

Sasa nenda mwenyewe ukaikariri nyumba kwa macho, jambo ambalo lingewezekana tangu siku ya kwanza bila kumchinja mtu.

Kisha jifanye mfanyabiashara wa mafuta. Nunua nyumbu 19 na viriba 38. Wezi wako wote 37 waingie mmoja mmoja kwenye viriba vyao, na kile kimoja kilichobaki kijaze mafuta ya kweli, maana biashara lazima ionekane ya halali. Waagize wasitoke mpaka utupe vijiwe, halafu ukalale. Ndiyo, ukalale! Taa ya Morgiana ikizimika kwa kukosa mafuta, atakuja kuchota kwako, na mtu wako atamuuliza kutoka ndani kama wakati umefika. Mafuta atakayoyachemsha na kuwamiminia umeyaleta wewe, na usafiri umelipa wewe.

Ukibaki peke yako, rudi kwa jina jipya, ualikwe chakula cha jioni. Omba chakula kisitiwe chumvi, kwa kuwa si uungwana kumuua mtu uliyekula chumvi yake. Ombi hilo litapelekwa jikoni, na jikoni yuko Morgiana.