Sweta la Msimu wa Ndege

Madibira sijaona anayefuma sweta ili alivae mwenyewe. Huku bondeni Usangu jua halina utani. Baridi iko Mafinga, na Mafinga ndiko aliko wifi yangu, mwenye mtoto mchanga na simu isiyozimwa.

"Wifi, sweta limefika wapi?"

"Kwapani."

"Basi kesho liwe shingoni."

Utadhani sweta limepanda basi.

Kroshia yenyewe haina papara. Kwenye sindano hubaki kitanzi kimoja tu. Ukichoka unakivuta kidogo, unakichomeka pini, unakwenda kubandika wali. Anayefuma kwa sindano mbili ana msururu mzima wa vitanzi vinavyoning'inia, sindano ikichomoka ni kilio. Kroshia inaweza kungoja hata mavuno. Wasioweza ni watu.

Na ndege. Mpunga ukishatia maziwa, skimu nzima, hekta 3,000 zinazonyweshwa na mto Ndembera, hugeuka uwanja wa kelele, maana kwelea kwelea nao wana kalenda yao. Nilikuwa nashinda kwenye majaruba nikiwinga, uzi mapajani, debe miguuni. Kukiwa kimya, vitanzi vinatoka laini, vimelingana. Wingu la ndege likitokea nagonga debe, napiga yowe, kisha narudi kwenye uzi na hasira zangu zote, na uzi hauna wa kuutetea.

Shangazi alilitandaza sweta mkekani akaupapasa mgongo: mistari milegevu, halafu migumu iliyovuta kiuno ndani.

"Hapa walikuja," akasema. Kidole kikashuka. "Na hapa walikuja na wenzao."

Nilililoweka, nikalivuta, nikalibana kwa pini pembe zote likauke. Sufu ya kondoo ingekubali. Uzi wetu wa dukani ni akriliki, ukikauka unarudi ulikotoka. Sweta likapanda basi hivyo hivyo.

Jioni simu ikaita.

"Wifi, ahsante sana, mtoto kapendeza. Ila mbona mkono wa kushoto mfupi?"

"Huo niliufuma wiki ile uliyokuwa ukipiga asubuhi na jioni."

"Na wa kulia, unaofunika vidole?"

"Wiki uliyoishiwa salio."