Zima Gari, Mzee

Ufunguo nilikuwa nao mkononi, nimeuinua juu mhudumu wa sheli auone vizuri, na injini ilikuwa ikiunguruma vilevile.

"Mzee, zima gari."

"Nimezima, binti yangu."

"Mbona linaunguruma?"

Mabatini watu hawapitwi na jambo. Kabla sijapata la kujibu, bodaboda waliokuwa kwenye foleni walishashuka, konda wa daladala la Buzuruga alishajitokeza dirishani hadi kiunoni, na bibi muuza ndizi akaingiwa na huruma: "Ng'wanawane, hilo gari lina pepo." Binti akarudisha bomba la mafuta mahali pake na kusogea mbali. Ikabidi niingize gia ya nne, nikandamize breki kwa nguvu zangu zote, kisha niachie klachi. Gari likaruka, likatetemeka, likafa. Nikapigiwa makofi.

Pepo mwenyewe ni fundi umeme. Gari langu ni Land Rover Series III, zile zilizotengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985, na chini ya dashibodi yake nyaya zilisongamana kweli. Fundi alizitazama akacheka. "Mzee, nusu ya hizi hazina kazi. Nakupunguzia." Akapunguza. Katika kupunguza aling'oa kile kitaa chekundu cha chaji, kinachowaka ukifungua ufunguo na kuzimika injini ikishaitika. "Huo urembo tu."

Urembo! Jamani, hicho kitaa ndicho mlango wa umeme wote wa gari. Sumaku iliyomo ndani ya altaneta si sumaku ya kuzaliwa. Ni chuma kilichozungushiwa waya, na bila umeme kupita kwenye huo waya hakina nguvu ya maana. Ni mambo ya pampu ya mkono ya kisima: usipoimiminia maji kidogo kwanza, haivuti. Ukifungua ufunguo, umeme kidogo hutoka kwenye betri, hupita kwenye kitaa, hufuata waya mwembamba hadi altaneta, na chuma kinaamka. Injini ikizunguka, altaneta huanza kujilisha yenyewe kupitia dayodi ndogo zilizomo ndani yake. Hapo ndipo ninapopapenda: sasa umeme unasukuma kutoka pande zote mbili za kitaa kwa nguvu zinazolingana, hakuna unaopita, kitaa kinazimika. Hakuna aliyekizima. Aliyebuni hivyo alistahili kujengewa mnara pale Makoroboi.

Kitaa kilipong'olewa altaneta haikuamka, betri ikaisha, nikasukumwa na vijana. Nikarudi kwa fundi. Akazishika zile ncha mbili za waya zilizobaki, akaziunga moja kwa moja. "Umeme si unapita?"

Unapita, tena unakwenda na kurudi. Balbu ya wati 2.2 huruhusu kama ampea 0.2 tu, na koili ya plagi inataka ampea tatu au zaidi. Kwa hiyo kitaa kikiwepo, hata altaneta ikirudisha umeme nyuma ufunguo ukiwa umefungwa, ni kidogo mno, injini inazimika. Bila kitaa njia ni nyeupe: altaneta inailisha koili, koili inawasha plagi, injini inaizungusha altaneta, na mwenye gari amesimama na ufunguo mkononi mbele ya bodaboda.

Waingereza wenyewe huitania kampuni ya Lucas, iliyotengeneza vifaa vya umeme vya magari haya, kwamba ni Mwanamfalme wa Giza. Safari hii Lucas hana hatia. Nyaya zake zilikuwa na rangi za kusomeka: kahawia ni umeme wa betri, nyeupe ni wa ufunguo, nyeusi ni ya kwenda bodi, kahawia yenye mstari wa njano ndiyo ya kitaa. Fundi wangu alirudishia zote nyekundu, kwa sababu ndilo roli la waya alilokuwa nalo. Na zile za zamani? Fundi wa pili, wa Nyakato, aliniomba nizilete azifuatishe. Zilishachunwa plastiki, shaba ikapimwa kwenye mzani wa vyuma chakavu. Nimelipa ufundi, na aliyelipwa akaniuzia gari langu kwa kilo. Hilo halinichekeshi hata kidogo. Mtu asiyejua kazi ya kitu anakitoa, anakiuza, na wewe ndiye unayeitwa mzee asiyejua kuzima gari.

Wa Nyakato alinining'inizia balbu chini ya usukani, kwa bei ya soda. Gari linazimika.

Taa za nyuma huwaka moja moja. Honi hulia nikikata kushoto, na huko ndiko kwangu, kwa hiyo majirani wanajua nimefika.