Mlipe Aliyeshtuka: Mwongozo kwa Wakubwa wa Ruwi

Kwa wewe mwenye duka la vitambaa kwenye barabara kuu ya Ruwi, hapa Maskati, kwa meneja mwenye kiti cha kuzunguka katika mtaa wa mabenki, kwa msimamizi wa gereji upande wa Barabara ya Honda, na kwa Bi Mkubwa anayesimamia grupu la WhatsApp la ukoo uliotapakaa Maskati, Unguja, Mombasa na Bujumbura: mwongozo huu ni wenu. Mna watu chini yenu, watu hao wana simu, na simu hizo haziishi kuingia meseji za kitapeli. Kazi yenu ni kumfanya anayeishtukia meseji aseme, tena aseme haraka, tena aseme kwa furaha.

Anza na halua. Halua yenyewe hasa, ile ya zafarani na iliki na maji ya waridi inayouzwa kwa bakuli. Oman haimpokei mgeni bila halua na kahawa, basi habari ya wizi uliozuiwa nayo ipokewe hivyo hivyo. Kabla hujanunua programu ya ulinzi, kabla hujamwita mtaalamu aje na michoro yake, tuma mtu akalete bakuli moja kubwa. Liweke mahali kila mfanyakazi analiona, halafu tangaza kwamba litafunguliwa siku mtu wa kwanza atakapokuletea ujumbe wa kutilia shaka.

Usimpe cheti. Usimpe kikombe chenye nembo ya kampuni. Mpe kitu atakachokula na wenzake, kwa sababu kila atakayetia mkono atauliza: leo tunakula kwa ajili gani? Hapo aliyeripoti ataisimulia meseji ile tangu mwanzo, namba iliyoituma, maneno yaliyotumika, na mahali hasa aliposhtuka. Somo lako la usalama wa mtandao litakuwa limekwisha kutolewa, na mwalimu ni mtu wanayemjua, anayesema lugha wanayoisema wao, kwa gharama ya rial chache.

Sasa ijue bidhaa unayoinunua. Hapa Ruwi inakuja kwa sura zinazojulikana. Mzigo wako umekwama posta, lipa rial moja na baisa kadhaa uachiliwe. Kadi yako ya benki imefungwa, bonyeza linki hii uifungue. Kitambulisho chako cha ukaazi kina kasoro, jaza taarifa zako upya. Kuna na simu ya mtu mwenye sauti ya kiaskari, anajiita afisa, anataka umsomee OTP, namba ya siri ya kutumika mara moja, iliyoingia sasa hivi. Polisi ya Oman na mabenki yameonya juu ya mambo haya mara nyingi mno. Sisi wa Kiswahili tuna ya kwetu juu ya hayo: ujumbe kutoka kwa ndugu wa kweli, wenye picha yake ya kweli, unaosema, “Samahani, nimekutumia namba sita kwa bahati mbaya, hebu nirudishie.” Ukizirudisha, akaunti yako ya WhatsApp imekwenda, na baada ya dakika kumi shangazi yako aliyeko Ng'ambo, Unguja, anaombwa fedha za hospitali kwa jina lako.

Mfanyakazi anayeziona hizi akazifuta ni mtu mwangalifu, lakini usimpe halua. Aliyemwona nyoka sebuleni akatoka kimya kimya na viatu vyake mkononi amejiokoa mwenyewe, na waliolala ndani bado wamelala na nyoka. Unayemtafuta ni anayepiga ukelele. Ujumbe uliomfikia yeye saa tatu asubuhi umewafikia au utawafikia wenzake kumi kabla ya adhuhuri, na mmoja kati yao amechoka, ana mgonjwa nyumbani, au kweli anasubiri mzigo posta.

Na jambo la saa si la mchezo. Mji huu una kumbukumbu yake. Februari 2013, wezi waliokuwa wamepenya mifumo ya kampuni ya nje inayochakata malipo waliondoa mipaka ya kutolea fedha kwenye kadi za kulipia kabla za Bank Muscat, wakagawa namba za akaunti 12 kwa wenzao katika nchi 24. Kwa muda wa saa 10 hivi walichota kwenye ATM mara zipatazo 36,000, jumla kama dola milioni 40. Waendesha mashtaka wa Brooklyn waliyaanika hayo Mei mwaka huo huo. Wizi ule haukuwa wa meseji ya posta, wala mhudumu wa duka lako asingeuzuia. Ninautaja kwa sababu ya zile saa 10. Mwizi wa mtandao anafanya kazi ndani ya muda ambao ofisi nyingi huutumia kuulizana nani aarifiwe kwanza.

Kwa hiyo fungua mlango mmoja tu wa kuripoti, na uwe mlango ambao hata asiyejua kuandika anapita. Ruwi ni mji wa Kimalayalam, Kihindi, Kiurdu, Kibangla, Kibalushi, Kiarabu na Kiswahili kwa pamoja, na meseji ya tapeli mara nyingi huja kwa Kiarabu au Kiingereza. Ukimtaka mfanyakazi ajaze fomu ya Kiingereza yenye visanduku, umemwambia anyamaze. Chagua namba moja ya WhatsApp. Mwambie apige picha ya meseji, aitume, na kama ana la kueleza aseme kwa sauti kwa lugha yake, basi. Kisha mjibu siku hiyo hiyo, ikiwezekana saa hiyo hiyo: “Ahsante sana, tumeiona, ni utapeli kweli, tumewaambia wote.” Jibu hilo nalo ni zawadi, na kwa wengi linazidi halua. Mtu akiripoti mara mbili bila kusikia neno, ya tatu ataifuta.

Watafiti wa chuo kikuu cha ETH Zurich, Uswisi, waliwafuatilia wafanyakazi zaidi ya 14,000 wa kampuni moja kwa miezi 15, wakiwatumia barua pepe za majaribio za kitapeli na kuwawekea kitufe cha kuripoti. Ripoti za kwanza zilikuwa zikiingia ndani ya dakika chache, na miezi ilipita bila watu kuchoka kuripoti. Walipata na jambo lililowashtua wengi katika fani hiyo: kumletea ukurasa wa mafunzo papo hapo mtu aliyebonyeza hakukumwimarisha, bali kuliendana na watu kunaswa zaidi. Soma hapo tena, meneja, kabla hujalipia mafunzo mengine ya namna hiyo. Macho ya watu wako, yakikusanywa mahali pamoja, ni mtambo unaofanya kazi. Unachotakiwa kufanya ni kuutunza.

Utaletewa ripoti zisizo sahihi, na hizo zilipe pia. Atakuja mtu na meseji halali kabisa ya benki akidhani ni ya kitapeli. Usicheke, wala usiruhusu mtu acheke. Mpe halua yake, mwonyeshe kwa upole jinsi mlivyohakikisha, na umwambie ulivyofurahi kwamba aliuliza. Anayelipwa kwa kupatia tu atasubiri mpaka awe na yakini, na yakini mara nyingi huja baada ya fedha kuondoka.

Hapa tumefika kwenye zawadi kubwa kuliko zote, na naomba usikimbie: mlipe mara mbili aliyebonyeza akaja kusema.

Najua moyo wako unakataa. Unaona ni kumtuza mzembe. Hebu mtazame mtu huyo alivyo hapa Ruwi. Kibali chake cha kukaa nchini kimefungamana na kazi kwako. Mshahara wake wa mwezi huu umekwisha kupangiwa karo ya watoto Kerala au paa la bati Pemba. Ameibonyeza linki, ametoa namba, na sasa anajua amekosea. Ana njia mbili: kuja kwako, au kukaa kimya akiomba Mungu lisitokee kitu. Ukiwa mtu wa kukata mshahara na kufoka mbele ya wateja, umekwisha kumchagulia njia ya pili, na tapeli amepata siku tatu za bure ndani ya mifumo yako. Huwezi kununua siku hizo tatu kwa fedha yoyote baadaye. Unazinunua leo, kwa kutangaza mbele ya watu wote kwamba atakayebonyeza akasema ndani ya saa moja hatakatwa hata baisa, hatafokewa, na atapewa sahani mbili. Tangaza, halafu siku ikifika timiza. Ukimfokea hata mmoja baada ya kutangaza, bakuli zote za halua za Oman hazitakurudishia ripoti.

Sheria yenyewe iko upande huu. Sheria ya makosa ya mtandao ya Oman, iliyotolewa kwa Amri ya Kifalme namba 12 ya 2011, inamwadhibu tapeli. Aliyetapeliwa si mkosaji, na ofisi yako isimfanye mkosaji.

Lakini usilipe kwa kila meseji moja moja. Mwaka 1902 serikali ya kikoloni ya Kifaransa mjini Hanoi ilitangaza malipo kwa kila mkia wa panya. Mikia ikamiminika kwa maelfu, na baadaye wakaonekana panya wazima wakikimbia mitaani bila mikia: wakamataji waliwakata mkia wakawaachia wakazaane, na wengine walikuwa wakiwafuga nje ya mji. Ukiweka baisa 500 kwa kila ujumbe, kijana mwerevu wa stoo atanunua laini ya pili na kuanza kujitumia. Basi weka zawadi moja kwa kila aliyeripoti kwa wiki, aripoti moja au aripoti ishirini. Iwe ndogo kiasi cha kutoshawishi ujanja, na ya heshima kiasi cha kukumbukwa. Mishkaki ya jioni inatosha, na kadi ya kuongezea simu salio inafaa. Wala usipange majina ya washindi ukutani kuanzia wa kwanza mpaka wa mwisho, maana wa mwisho wataona aibu, na aibu ndiyo tunayopigana nayo.

Hakikisha pia anayechemsha chai anapokelewa sawa na mhasibu. Februari 2016 wezi walioingia Benki Kuu ya Bangladesh kwa kuanzia na barua pepe za kitapeli walijaribu kuhamisha karibu dola bilioni moja. Walifanikiwa kuondoka na milioni 81. Milioni 20 nyingine zilizokuwa zikielekea Sri Lanka zilirudi kwa sababu katika Deutsche Bank, benki iliyokuwa njiani, ilionekana kwamba neno la Kiingereza la wakfu limeandikwa “fandation”, na swali likaulizwa. Kosa la tahajia, na mtu asiyeona haya kuuliza. Ruwi imejaa Wabangladeshi wanaokijua kisa hiki vizuri kuliko wakubwa wao. Waombe wakusimulie, kisha wape kahawa.

Bi Mkubwa, zamu yako. Kwenye grupu la ukoo huna haja ya bajeti. Una kitu ambacho meneja hana, nacho ni dua yako ya sauti. Mjukuu wa Mombasa akileta picha ya meseji ya kitapeli, mwombee mbele ya ukoo mzima kwa jina lake kamili na jina la babu yake, na wengine watakesha wakitafuta meseji mbaya ili nao waombewe. Na yule mjomba aliyekwisha kutuma fedha kwa tapeli, mpigie wewe mwenyewe, pembeni, kabla vijana hawajaanza kumtania. Akikueleza yote, nawe ukiyasimulia bila kumtaja, ukoo mzima utajua sauti ya tapeli ilivyo.

Ripoti zikikufikia, zisilale kwako. Benki ya mhusika ipigiwe mara moja, kwa namba iliyo nyuma ya kadi na siyo ile iliyo kwenye meseji. Panapokuwa na wizi, polisi. Oman ina kituo chake cha taifa cha usalama wa mtandao, OCERT, tangu 2010, nacho ni kwa ajili ya mambo kama haya. Ndugu walioko Tanzania waambie watume neno UTAPELI kwenda 15040, namba ya mamlaka ya mawasiliano, TCRA. Walioko Kenya na laini za Safaricom wapeleke meseji hiyo 333. Ukiwa mkarimu, waambie kwamba halua ipo na kwa ajili yao, itakuja na msafiri wa kwanza anayeelekea huko.

La mwisho ni zamu ya Ijumaa na Jumamosi. Ofisi zimefungwa, wakubwa wako Nizwa au baharini, na simu za wafanyakazi zinaendelea kuingia meseji. Mchague mtu mmoja kila wiki wa kushika ile namba ya ripoti siku hizo mbili, aliye na ruhusa ya kukuamsha saa nane usiku bila kuomba radhi. Mlipe kwa hiyo zamu, fedha taslimu, Alhamisi kabla hajaondoka.