Moshi wa Wenzetu

Shemeji yangu alishuka kwenye basi la Dar akiwa amepakata chupa iliyoviringishwa kwenye kikoi, mithili ya mtoto ambaye hajatimiza arobaini. Begi la nguo alimwachia utingo. Yeye Mzaramo, mimi Mnyamwezi, kwa hiyo ananitania kwa haki mbili: ya dada yake niliyemuoa, na ya babu zetu waliozoeana njiani enzi za misafara. Nikadhani na hili ni utani. Kumbe kweli ni wiski ya Islay, kisiwa cha Uskoti, iliyolala miaka 25 kwenye pipa la mwaloni.

"Bei usiulize, shemeji," akasema, halafu akaitaja.

Nilikaa chini. Kwa fedha hiyo, hapa Kitete ningeezeka nyumba, jiko na choo, na fundi angeondoka akinishukuru.

Usiku mama watoto akatoa glasi za wageni. Shemeji akanimiminia kiasi cha dawa ya kikohozi ya mtoto mchanga. Nikaomba barafu. Akanitazama kana kwamba nimeomba kumrudisha dada yake kwao.

"Nusa kwanza."

Nikanusa. Nakaa hatua chache kutoka hospitali ya mkoa. Harufu ile naijua, na siku zote naipata bure: dawa ya kidonda, bandeji mpya, sakafu iliyotoka kupigwa deki. Nyuma yake moshi, moshi wa jiko lililozimwa kwa maji.

Shemeji akafumba macho, somo likaanza. Ni shayiri tupu, ya kiwanda kimoja. Inalowekwa ichipue, kisha inakaushwa kwa moto wa udongo mweusi wa kinamasi, mimea iliyooza karne na karne, unaokatwa kama matofali na kuanikwa. Moshi ukishaingia kwenye nafaka hautoki. Unavumilia kuchachushwa, unavumilia hata mtambo. Sheria ya huko inataka miaka 3 pipani. Inayozidi ni ukaidi wa mwenye kiwanda. Na kila mwaka kama asilimia 2 inapotelea hewani kupitia mbao. Wenyewe wanaiita fungu la malaika. Nikapiga hesabu: kwa miaka 25, malaika wamekunywa karibu lita 40 katika kila 100, na hawakuchangia senti.

Mskoti pekee ninayemjua mimi ni Livingstone. Mwaka 1872 alikaa hapo Kwihara tangu Machi hadi Agosti akingoja wapagazi ambao Stanley aliahidi kumletea kutoka pwani. Zamani nilidhani ni subira ya kimisionari. Sasa naona ni malezi. Pombe yetu ya wanzuki ikimaliza wiki, watu wanauliza nani kafiwa.

Kilichonikera ni ule moshi. Msimu uliopita nilipeleka ndoo tatu za asali kutoka mizinga ya magome ya mjomba. Nyuki wa huku hawaondoki kwa salamu. Unawafukiza kwa mwenge. Mnunuzi akafungua ndoo, akanusa, akafunga. "Mzee, ina moshi hii. Nje hawaitaki." Nikashusha bei nusu; na hiyo nusu akaikata tena. Nikarudi na ndoo zangu. Mkoa wenyewe unafuka: tumbaku mabanini, tanuri za mkaa, jiko la mama watoto. Tungenukia nini, waridi? Leo naambiwa moshi wa miyombo ni kasoro, ila moshi wa tope lililooza ni sifa, tena unafumbiwa macho.

Nikanywa. Nitasema kweli, kwa kuwa shemeji hasomi magazeti: ilikuwa nzuri. Ilianza na chumvi, ikaleta utamu kwa mbali, kisha ikashuka kifuani ikakaa kama mpangaji asiyedaiwa kodi. Nikasogeza glasi niongezewe. Shemeji akafunga kizibo, akairudisha chupa kwenye kikoi.

Asubuhi aliamka sauti imekauka. Akamwomba dada yake asali na ndimu. Nikaifuata mwenyewe, kwenye ndoo ya tatu. Akachota kijiko, akakifikisha mdomoni, akakunja uso.

"Shemeji, mbona hii inanuka moshi?"

"Nusa kwanza," nikamwambia. "Na ufumbe macho."