Namna ya Kumrudishia Baba Mkwe Kisu Ulichokikwaruza

Kisu si chako. Tukubaliane hapo mapema, kwa sababu ungekuwa umekwaruza cha kwako ungekifuta kwa kitambaa, ukakitupa kwenye kapu la vyombo, basi. Hiki ni cha baba mkwe. Alikupa siku ya kuamkia Idi, akakwambia "kiangalie, mwanangu," nawe ukamjibu "usiwe na shaka, baba" kwa sauti ya mtu aliyezaliwa machinjioni. Halafu ukaenda kukinoa kwenye ngazi ya saruji.

Usijitetee. Nusu ya Magongo, hapa Mombasa, inanoa kwenye ngazi ya saruji. Shida ni kwamba ngazi zetu zina mchanga mwingi kuliko saruji, na wewe ulikilaza kisu bapa badala ya kukiinua kidogo upande wa mgongo. Hukunoa makali, ulikwaruza ubavu. Ulipoiona ile mistari ukashikwa na kiwewe, ukakimbilia waya wa kusugulia sufuria. Sasa kuna mistari mitatu mirefu inayokatiza kutoka mgongoni hadi karibu na makali, na juu yake vikwaruzo vidogo vidogo vinavyozunguka kila upande. Jua likikipiga, kisu kinasema yote. Kifunike gazeti, tuanze.

1. Pita mbali na fundi wa grinda. Najua yuko hapo barabarani, cheche zake zinavutia, na atakumalizia kwa bei ya soda. Lakini kisu hiki kimefuliwa kwa springi ya lori, kama visu vingi vizuri vya huku, na chuma hicho ugumu wake kiliupata kwa moto na kitaupoteza kwa moto. Ubapa mwembamba ukiguswa na jiwe kavu linalozunguka kasi hupata joto ghafla: kwanza rangi ya majani makavu, halafu zambarau, halafu buluu. Buluu ni kama nyuzi 300 za Selsiasi, na ikifika kwenye makali, makali yameshalainika. Leo kitakata nyanya, wiki ijayo kitaiponda. Mkwaruzo unaweza kuutafutia maneno. Buluu haina maneno.

2. Elewa kwanza unachokificha. Mkwaruzo haufutiki. Ule ni mfereji, na hakuna kitu cha kuujaza; unachoweza ni kushusha chuma cha pembeni mpaka kilingane na chini ya mfereji. Ndiyo maana anayetaka kisu king'ae mpaka ajione meno atasugua hadi Ramadhani ijayo. Wewe hutaki kujiona meno. Wewe unataka kisu kizima kijae mikwaruzo, ila iwe myembamba, iliyonyooka, na yote ielekee upande mmoja. Mikwaruzo ikielekea huku na huku ni uharibifu. Ikielekea upande mmoja watu huiita kazi ya fundi.

3. Nunua msasa, namba 220 na 400. Pitisha ukucha juu ya mistari. Ukucha ukikwama, ongeza na 120. Namba 2000 mwachie muuza duka. Kadiri unavyokisugua kikawa laini, ndivyo ule mkwaruzo mmoja uliobaki unavyojitokeza, kwa hiyo uvivu hapa ni ufundi.

Funga makali kwa tepu ya fundi umeme, kwani hospitali hatukuipangia bajeti. Laza kisu juu ya ubao, makali yakitazama upande usio wako. Zungushia msasa kipande cha mti kilichonyooka, dondoshea mafuta kidogo, kisha vuta kutoka mpinini kwenda nchani. Inua. Rudi mpinini. Vuta tena. Usiende na kurudi, na wallahi usizungushe. Ukidhani unaonewa, nenda ukawatazame wachongaji wa ushirika wa Akamba hapo Changamwe, ambao tangu 1963 wanageuza magogo kuwa swala na twiga. Mtazame anayepiga msasa: anafuata nyuzi za mti, hana haraka, na hakuna anayempigia makofi.

Sugua na ile namba ya chini mpaka mistari mitatu ipotee au mpaka mkono ukatae, lolote litakalotangulia. Kisha panda namba kwa namba hadi 400, ukivuta vilevile. Mstari mmoja ukibaki karibu na mgongo, uache. Utapata kazi baadaye.

4. Kitie weusi. Hapa ndipo penye utamu. Kwenye vinyago vya watalii kuna ujanja wa zamani: mti mweupe hupakwa rangi ya viatu nyeusi, ukauzwa kwa jina la mpingo. Sisi hatufiki huko, maana kisu kinagusa chakula. Sisi tunatumia vya jikoni.

Chuma kisichoshika kutu huwa na kromiamu kuanzia kama asilimia 10.5, mambo yaliyoanza kuvuma baada ya Harry Brearley wa Sheffield, Uingereza, kuyeyusha chuma cha aina hiyo mwaka 1913. Kisu cha mkweo hakijapata habari hizo. Ni chuma na kaboni, kinamhofia kila mwenye asidi, na hofu yake ndiyo rangi yetu.

Kioshe kwa sabuni na maji ya moto mpaka mafuta yaishe kabisa, halafu usikiguse tena ubapani. Palipo na alama ya kidole hapatashika rangi, na utakuwa umemwachia mzee ushahidi. Chovya kitambaa kwenye siki vuguvugu, pakaza pande zote mbili kwa dakika kumi, uone kijivu kikiingia. Fuatisha chai ya rangi, nzito, isiyo na sukari: ule ukali wa majani ya chai ukikutana na chuma kilichoguswa na siki huleta weusi wa wino. Suuza kwa maji yenye magadi kidogo ili kuua asidi, kausha, paka mafuta ya nazi. Usikilaze kwenye siki usiku kucha; kitatoka na vishimo, na hapo utahitaji mkwe mwingine. Na usikiache kikavu dirishani, upepo wa Port Reitz una chumvi. Weusi huganda na kukilinda chuma kidogo. Kutu nyekundu hukimenya.

Siki huna? Kata maembe mabichi kilo mbili, uwagawie watoto wa jirani na pilipili yao. Jioni kisu kitakuwa kimeiva chenyewe.

5. Kinoe kwa haki. Samahani, hatua hii haina njia ya mkato. Kinoo cha maji, pande zote mbili, mpaka kikate karatasi iliyoning'inia. Mzee akikiona kinakata hatauliza habari za ubavuni.

6. Kirudishe baada ya Magharibi, taa ikiwa hafifu. Kitangulize mpini, pamoja na kilo ya nyama. Usiombe radhi, kwani radhi huwafanya watu watafute kosa. Sema wewe kwanza: "Shikamoo baba. Kisu chako nimekirudishia rangi yake ya asili." Kisha nyamaza. Hakuna mzee atakayekiri mbele ya wajukuu kwamba rangi ya asili ya kisu chake haijui. Atakigeuza, atakitazama, ataguna. Akiuona ule mstari uliouacha, mwambie hiyo ni alama ya mfuaji na wewe hukuthubutu kuifuta.

Akiendelea kuguna, mtoe nje ya mtaa. Mwambie kuna mwanajiografia Mwarabu, Al-Idrisi, aliyeandika mwaka 1154 kwamba watu wa Mombasa kazi yao ni kuchimba chuma. Ongeza mwenyewe kwamba chuma cha wazee hakikuwa na mng'ao wa madukani. Al-Idrisi aliandika pia kwamba mji ulikuwa na mbwa wekundu wanaopambana hata na simba. Hao usiwataje, utamfanya akushuku.

Kufikia Ijumaa atakuwa amekionyesha barazani akisema ndivyo kilivyokuwa tangu enzi za babake, na majirani wataanza kukuletea vyao. Wa kwanza mpokee, umtoze. Wa pili mtoze zaidi. Akija mtu na panga, mtoto aseme umesafiri Voi.