Sanda, Pipi na Boga la Jirani

Mtaa ninaoishi, magharibi kidogo ya Chicago, una watu wapole, watu wa kumsalimia mbwa kabla ya mwenye mbwa. Ila Septemba ikielekea ukingoni hugeuka, kwa ajili ya Halloween, sikukuu ya kutishana ya Oktoba 31. Bwana anayechambua taka zake kwa makundi mwaka mzima anachomeka makaburi ya stairofomu mbele ya nyumba. Mama mwenye bustani safi kuliko wote anatandaza utando wa buibui wa plastiki juu ya maua yake, ndege wananasa humo, na wanaotibu ndege wamekemea mpaka sauti zimewakauka. Na yule wa nyumba ya kona amesimamisha kiunzi cha mifupa cha futi 12. Viunzi vya namna hiyo vilianza kuuzwa mwaka 2020 kwa dola 299, na watu wakavigombania. Hakiingii stoo, hakiingii gereji, basi mwenyewe amekiacha papo hapo: Desemba kinavishwa kofia ya Krismasi, Februari kinashikishwa moyo mwekundu wa wapendanao. Kusema kweli hilo ndilo pambo lisilo na taka kuliko yote mtaani, maana hakuna pipa la kulimeza.

Mimi nimetoka Tanga, na kwetu pwani vitisho ni vya bure. Jini Popobawa alipotia watu hofu Pemba na Unguja mwaka 1995, watu walilala nje kwa makundi wakiota moto, na sikusikia aliyekwenda dukani kununua pambo. Huku, kwa Halloween ya mwaka 2023, chama cha wenye maduka ya rejareja kilikadiria kwamba Wamarekani wangetumia dola bilioni 12.2. Bilioni kumi na mbili za kutishana! Halafu Novemba mosi asubuhi nusu ya vitu imo kwenye pipa, na duka lile lile limeshaanza kupiga nyimbo za Krismasi.

Sasa umekuja wimbo mpya: tusherehekee bila kutupa hovyo. Mhubiri wake mtaani kwetu ni mwalimu mstaafu wa jirani, mama mwema, ambaye amepita nyumba hadi nyumba kutueleza kwamba watoto wasinunuliwe vile vindoo vya plastiki vya umbo la boga vya kuombea pipi mlango hadi mlango, wachukue foronya. Mke wangu, Mama Zuhura, alinitazama. Kwa miaka watoto wetu wamebeba foronya, naye amekuwa akiniambia, "Baba Zuhura, unatuaibisha, ndoo ni dola mbili tu." Leo ubahili wangu umepandishwa cheo na kuitwa utunzaji wa mazingira. Nilitegemea angalau niombwe radhi. Badala yake nimeonyeshwa dukani mfuko wa kitambaa wa Halloween, "rafiki wa dunia," kwa bei inayonunua foronya mbili na mto juu.

Mavazi nayo ni hivyo hivyo. Mwalimu anasema tusinunue, tutumie kilichopo. Haya, kilichopo ni shuka jeupe kuukuu. Tukatoboa macho, mwanangu wa mwisho akawa mzimu, tukampigia bibi yake simu ya video amwone. Mama yangu alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mtoto mzima, mmemvisha sanda?" Nikaeleza kuhusu mazingira. Akauliza mazingira yamekufa nini hata yazikwe na mjukuu wake. Ilibidi tumvue mtoto shuka, tumfunge kanga kiunoni na kilemba kichwani, akawa haramia. Juhudi zote hizo hazikuonekana, kwa sababu Oktoba 31 ya Illinois ni baridi ya kukata masikio, na kila mtoto, awe malkia, awe simba, awe haramia, hupita mtaani kafungwa jaketi mpaka kidevuni. Tungeweza kuwavalisha sare za shule ndani na hakuna ambaye angejua.

Hata hivyo mwalimu ana hoja. Uingereza, mwaka 2019, mashirika mawili ya mazingira, Hubbub na Fairyland Trust, yalikagua mavazi ya Halloween madukani yakakuta asilimia 83 ya malighafi yake ni plastiki inayotokana na mafuta. Na vazi la namna hiyo huvaliwa jioni moja. Likibahatika haliendi jalalani, linaingia kwenye belo la mitumba, na mimi najua linakoishia. Dada yangu, muuza mitumba Tanga, alifungua belo la sweta akakuta humo vazi la mtu mzima, jeusi, limechorwa mifupa kuanzia shingoni hadi vifundoni. Likakaa kibandani muda mrefu, wateja wanalikwepa kwa bismillahi. Mwisho akalichukua kijana wa bodaboda kwa ajili ya baridi ya alfajiri. Usiku ile mifupa ilikuwa inang'aa. Askari wa usalama barabarani wangempongeza kwa kuonekana vizuri, ila abiria alikuwa hapati.

Kwenye pipi ndipo ninapokasirika kwa dhati. Kila pipi ndogo ina nguo yake, na hiyo nguo watu wanaiita karatasi ilhali ni plastiki iliyogandanishwa na utando wa alumini, kitu ambacho gari la urejelezaji halitaki hata kukiona. Mtoto akirudi na foronya iliyojaa, nusu ya ujazo ni maganda. Dawa naijua tangu utotoni: kashata za nazi. Unakata vipande, unampa mtoto mkononi, anakula, kwisha. Mama Zuhura akanicheka. Mzazi wa huku amefundishwa asipokee kitu kilichopikwa nyumbani kwa mtu. Akikikuta kwenye mfuko wa mwanawe anakitupa, kwa kuogopa sumu. Sasa uliza ni watoto wangapi wamekufa kwa pipi za mtu baki usiku wa Halloween. Joel Best, mwanasosholojia wa Chuo Kikuu cha Delaware, amefuatilia habari za namna hiyo kuanzia zile za mwaka 1958, na hajapata hata kifo kimoja kilichothibitishwa. Wanatundika wachawi mlangoni wala hawatetemeki, halafu wanaogopa kashata!

Kuna nyumba moja inayogawa zabibu kavu kwenye viboksi vya karatasi. Kwa mazingira, safi kabisa. Kwa watoto, nyumba hiyo hupitwa mbio kuliko makaburini.

Nimebakiza boga, lile linalochongwa uso, likatiwa mshumaa na kuwekwa barazani. Ireland na Scotland, ambako desturi hii ilitokea, walikuwa wanachonga tanipu, mzizi mgumu wa kutia kisu jasho. Makumbusho ya taifa ya Ireland yana mfano wa tanipu la zamani lililochongwa uso, na uso wenyewe unafaa kutumwa kudai madeni. Wahamiaji walipofika Marekani wakakuta boga, kubwa, laini, wakahamia huko. Leo Illinois ndiyo inayoongoza nchini kwa kulima maboga. Mji wa Morton unajiita makao makuu ya maboga duniani. Lakini ya Morton mengi ni ya kusindikwa kwenye makopo. Ya barazani ni mbegu nyingine, imechaguliwa kwa rangi, umbo na kikonyo kizuri. Sisi tunasema ukipenda boga penda na ua lake. Hawa wamependa ganda. Nyama yote inakombwa kwa kijiko na kutupwa, na ganda nalo linafuata baada ya wiki mbili, likafukiwe jalalani lioze bila hewa na kutoa gesi ya methani.

Mara ya kwanza Mama Zuhura alipopelekwa kwenye shamba ambalo watu hulipa kiingilio ili wachume boga wenyewe, hakutazama maboga. Alisimama tutani akiyasikitikia majani, yaliyokuwa yameshanyauka. "Mboga yote hii," akasema. Mwenye shamba alidhani mgeni anaumwa.

Jumamosi ya kwanza baada ya Halloween, miji mingi ya huku hukusanya maboga ili yawe mboji. Unatakiwa kutoa mshumaa, stika na chochote chenye rangi, halafu unaruhusiwa kulibamiza boga lako upendavyo. Wengine huyarusha kwa manati makubwa, na wazee wazima hupiga vigelegele. Mwalimu alitualika. Mama Zuhura akatangulia mbele ya foleni na toroli, akawa anawasimamisha watu. Yaliyochongwa hakuyagusa, kwa kuwa yamelala nje, yamepigwa moshi wa mshumaa na kindi wameshaonja. Anataka mazima, yale ya kupanga ngazini tu. Anagonga kwa kidole, anasikiliza, anatia kwenye toroli. Watu wamekuja kuvunja, hawakujua kwamba kuna mtu atakuja kuokoa. Kijana wa kujitolea akamuuliza anayafanyia nini. Alipojibiwa kwamba yanaliwa, akaita wenzake.

Na yanaliwa, shida yangu ndiyo hiyo. Boga la kuchonga lina maji na nyuzi, kwa hiyo analichemsha bila maji, analiminya kwenye kitambaa, ndipo linatiwa tui zito, iliki, sukari kidogo na chumvi kwa mbali. Mbegu zimeanikwa kwenye sinia juu ya hita, usiku zinanukia nyumba nzima. Mwalimu alipelekewa bakuli, akalia machozi ya furaha, na sasa kila mwenye boga mtaani analileta mlangoni kwetu akiamini ameiokoa dunia. Gereji imejaa, gari linalala nje kwenye theluji, na asubuhi anayekwangua barafu kwenye kioo ni mimi. Jana nikauliza kwa upole kama jioni kuna nyama. Nikajibiwa ipo, imo ndani ya boga.