Mlima Hata Songea Upo

Kijana wa PCB (fizikia, kemia, biolojia) kafaulu kidato cha sita, na kikao cha ukoo kimeketi hapa Lizaboni, Songea: aende Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, au asiende? Mshauri mkuu ni mjomba, aliyefika Dar es Salaam mara moja, tena Sabasaba. "Mlimani ndiyo chuo," anatamka. "Tangu 1961!"

Sawa, mjomba, ila mwaka huo kilikuwa Mtaa wa Lumumba. Mlima kiliupanda 1964. Na mtoto anakwenda kusoma kemia, si umri wa chuo.

Hakuna aliyeuliza hadubini moja itachunguliwa na macho mangapi. Wala kama mhadhiri atamjua kwa jina au kwa namba ya usajili. Mkopo wa Bodi ya Mikopo ukichelewa, ghala la mahindi la baba litakuwa nyuma yake kilomita zaidi ya 900. Akikosa kitanda, ataianza fizikia kwa vitendo: kubebana, miili miwili godoro moja.

Sikipingi chuo, kimetoa marais. Nauliza tu: kama sifa ni ukubwa na msongamano, Kariakoo kuna kasoro gani? Kama ni mlima, Matogoro si huu hapa?